Mama Mkwe Anatia Sukari Kwenye Sosi Yangu ya Kitaliano

Mpendwa Bi Efrazia, shikamoo. Nakuomba msaada, na nakuomba kwa aibu, maana huwa nasoma safu yako kila wiki na kuwacheka wenzangu wanaokuandikia, na leo zamu ni yangu.

Naitwa Yusra, nimeolewa hapa Korogwe na Mustapha, fundi pikipiki, tuna watoto wawili na tunaishi na mama mkwe wangu, Bi Mwantumu, aliyekuja kutoka Kang'ata mwaka jana kutibiwa magoti akabaki, na sina ubaya naye, ni mtu wa swala na wa kufunga sunna Jumatatu na Alhamisi, lakini jikoni, Bi Efrazia, jikoni ananimaliza.

Kuna dada anaitwa Asnath, ana nyumba ya wageni kule Dindira, juu kwenye mashamba ya chai, na mwisho wa mwezi huu anapokea Waitalia wanane wanaokuja kutembea milimani, akawa anauliza nani anajua kupika chakula chao, nami nikajikuta nasema najua, nilikuwa mpishi wa wahandisi wa Kitaliano waliojenga barabara, na hapo nikajitia kitanzi mwenyewe, kwa sababu nyumbani kwao kweli nilifanya kazi kabla sijaolewa, lakini nilikuwa nafua nguo. Kila Ijumaa mpishi wao alinipa sahani ya tambi ndefu na sosi nyekundu ya nyanya, nikala nimesimama mlangoni, kwa hiyo ladha naijua ila njia siijui. Asnath amesema wageni wakiridhika jiko lile ni langu moja kwa moja, na mimi tangu niolewe sijawahi kuwa na kazi yangu mwenyewe.

Nimejaribu mara tano. Mara ya kwanza nilikaanga vitunguu vikawa kahawia, nikatia nyanya, karoti ya kukwaruza, hoho na kijiko cha bizari, ukatoka mchuzi. Mara ya pili nilisikia Waitalia hutia majani ya rihani, sikuyapata sokoni, nikachuma kivumbasi nyuma ya choo, Mustapha akaniuliza kama nimepika au nimefukiza mbu. Mara ya tatu nilitoka uani kuanua nguo, kurudi nakuta sosi imepauka, mama ametia tui la nazi na sukari, nikamuuliza kwa adabu, akanijibu kwamba ameona tambi, na tambi ni za sukari, nazi na iliki, sasa mimi nilikuwa naziharibu na yeye ameziokoa. Na ndivyo tulivyolelewa, anayepita jikoni huonja na kurekebisha, huwezi kumwambia mkubwa asiguse chungu.

Mara ya nne, ajabu, ilitoka. Ilikuwa Jumatatu, nimeshatia mafuta, kitunguu saumu, nyanya na chumvi, nipo kwenye kukata karoti, ikaja habari ya msiba kule Manundu, nikajitanda kanga nikamwachia mama jiko, naye amefunga, amekaa kwenye kibao chake na tasbihi, nikamwambia apunguze moto na akoroge tu isiungue. Nilirudi baada ya saa nzima na ushei, nikaonja, nikakaa chini. Ilikuwa ile ile ya mlangoni. Nikajua ni nyanya, maana nilizinunua kwa Mzee Mdoe sokoni, basi Jumatano nikamrudia nikamsumbua anipe za tenga lile lile, nikapika na vitu vyangu vyote, karoti, hoho, bizari kidogo, na nilipogeuka kutafuta chumvi namwona mama anakuja na kopo la sukari, mwiko ameshaushika. Bi Efrazia, nilimnyang'anya. Nilimnyang'anya mama mkwe mwiko mkononi, mbele ya wanangu, nikamwambia, "Mama, utanikosesha kazi."

Hakugomba. Alisema, "Haya mwanangu, jiko ni lako," akatoka, na leo ni siku ya nne hajakanyaga jikoni, anakula anacholetewa, na jana nimemkuta anakunja nguo zake na kuzipanga begini. Mustapha hasemi na mimi. Nakuomba uniambie ni kiungo gani kinakosekana kwenye hii sosi, na je, si afadhali mama aende Kang'ata mpaka hao wageni wapite, halafu ndipo nimfuate nikamwombe radhi?

Yusra, Korogwe.

*

Yusra, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama kwa hasira. Unaniuliza kiungo gani kinakosekana. Hakuna kinachokosekana, mwanangu, vimezidi. Nimefundisha sayansi kimu miaka ishirini na saba, na sosi hii nilifundishwa na sista mmoja Mtaliano ambaye ukitia bizari aliimwaga yote bila kukutazama usoni. Ulichopika mara ya kwanza ni mchuzi wa samaki uliokosa samaki. Habari ya kivumbasi sitaizungumza, mumeo ameshaimaliza.

Sasa rudi kwenye Jumatatu yako. Sosi ilitoka, nawe ukakimbilia kumsifu Mzee Mdoe na tenga lake. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba mama mkwe alikuwa amefunga, na hukuona ulichoandika! Mtu aliyefunga haonji, na asiyeonja hana cha kurekebisha. Akaketi na tasbihi yake, akapunguza moto kama ulivyomwomba, akakoroga taratibu saa nzima na ushei. Nani mwingine katika nyumba hiyo ana subira hiyo? Wewe?

Lakini usifurahi haraka, sijamaliza. Ungetaka niseme kwamba siku ile kilichopungua ni mkono wa mama. Na wako je? Karoti ilibaki kwenye ubao. Hoho haikukatwa. Bizari haikufunguliwa. Ulikuwa Manundu, msibani. Sosi yako ilipona kwa sababu wanawake wawili walishindwa kuigusa siku moja, mmoja kwa saumu na mwingine kwa msiba. Jumatano mlirudi wote wawili na vikopo vyenu, na wewe ulitangulia. Kabla mama hajafika na sukari, sosi ilikuwa imeshakufa, na aliyeiua ni wewe. Halafu aliyenyang'anywa mwiko ni yeye.

Njia ni hii, na usiniongezee neno. Chagua nyanya ndefu zilizoiva hasa, zenye nyama nyingi na maji machache. Zitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja tu, zimenye ganda, zipondeponde kwa mkono. Usizisage kwenye blenda, mbegu zikisagika zinaleta uchungu na rangi inapauka. Mafuta ya zeituni ukiyapata ni vizuri, usipoyapata alizeti itakusitiri. Kitunguu saumu kilainike tu kwenye mafuta, kikibadilika rangi kuwa kahawia anza upya. Tia nyanya, tia chumvi, moto mdogo, usifunike kabisa, na uiache mpaka iwe nzito na mafuta yaanze kujitokeza pembeni. Nyanya zikiwa chachu, sukari kidogo sana kati ya vidole viwili. Ndiyo, Yusra, sukari. Mama mkwe wako hakuwa mjinga kiasi ulichodhani, amezidisha kipimo tu, na nazi ndiyo haina kazi hapo. Rihani waulize wanaofunga vikuba vya harusi, vile vishada vya maua na majani ya kunukia, uchane majani machache mwishoni baada ya kuepua, na usipoipata acha, hakuna mgeni atakayekufa. Tambi zichemshe kwenye maji ya chumvi, uzitoe zikiwa bado na ukakamavu kidogo, usizisuuze, uzigeuze ndani ya sosi pamoja na kijiko kikubwa cha maji yake. Kwisha. Mikono iweke kwenye mifuko ya aproni.

Kuhusu Asnath, mpelekee sahani kabla wageni hawajafika, na kabla hajala mwambie kwamba kwa wahandisi ulikuwa unafua. Itakuuma. Lakini Mtaliano mmoja akikuuliza jina la mpishi aliyekufundisha utajibu nini, sahani ya Ijumaa? Ukisema ukweli na sahani iko mbele yake, Asnath atahukumu sahani. Ukikamatwa baadaye atakuhukumu wewe, na jiko litakwenda kwa mwingine.

Na sasa mama. Unataka kumrudisha Kang'ata na magoti yale, kwa sababu ya nyanya, halafu eti umfuate na radhi yako mkononi? Mtu mzima akishaondoka kwa uchungu, hiyo radhi utamwomba huku amekugeuzia uso anatazama dirishani. Yule mama hakuja na sukari kukuharibia. Ametoka kwake, ameacha jiko lake, na kitu pekee anachoweza kuwafanyia hapo mjini ni kurekebisha chungu, na hicho ndicho ulichomnyang'anya. Hata Mustapha anajua, ndiyo maana hasemi.

Leo hii, si kesho, uchukue ule mwiko, uuoshe, uende alipokaa, upige magoti, umwamkie, umrudishie kwa mikono miwili. Usimweleze habari za Waitalia. Mwambie, "Mama, nimekosa, jiko ni letu." Akikawia, usiinuke hapo mpaka aupokee.

Kisha Jumatatu, akiwa amefunga, mwombe akuangalizie moto wa sosi kama siku ile, nawe ukae mbali na karoti. Na magharibi, kabla hujagusa sosi yako, umwandalie futari yake kwenye sufuria nyingine, tambi za Kang'ata, nazi na iliki. Yeye aketi kwenye kibao chake, wewe ushike kopo la sukari. Utie mpaka yeye mwenyewe aseme imetosha.

Bi Efrazia