Matumbo ya Mbuzi Chini ya Mtambo

Same, Machi 1995

Mdogo wangu Nathanaeli,

Mama hajambo, kikohozi kimepungua na maharage yameanikwa. Anajivunia mtambo wako wa upepo, nami siupingi, kwani mgao wa umeme umetuchosha sote.

Lakini Jumamosi iliyopita tai jike alikatwa na mapanga ya mtambo huo. Vijana wako huchinja mbuzi pale chini kila wiki na kuyaacha matumbo juani. Tai huyakazia macho, asione kinachozunguka mbele yake. Niliwaomba wayazike. Msimamizi wao, Paschal, akacheka: "Dada msomi, tai ni mwizi wa kuku. Tumfanyie na mazishi?" Nilipokupigia simu, ulicheka vilevile.

Huenda nakosea; huenda angekufa hata bila matumbo hayo. Ila kinda bado limo kiotani, na dume anawinda peke yake. Huyo sitamwacha afe ndipo nipate uhakika.

Waamuru wachimbe shimo. La sivyo, Jumamosi ijayo, wafadhili wako wakija kuukagua mtambo, nitapanda huko na jembe la Mama, nilichimbe mwenyewe mbele yao. Wakiuliza sababu, nitawaeleza, nawe ucheke wakikutazama.

Dada yako,
Namkunda