Moto ya Tata Siiuzishi

Butembo, commune Mususa,
tarehe 22 mwezi wa kumi 2023

Mpendwa Yaya Muyisa, mukubwa wangu, kule Kampala,

Ninakusalimia sana, wewe pamoja na shemeji Jemima na batoto bote. Muko na afya? Ile homa ya mutoto mudogo ilikwisha, ao ingali inamusumbua? Tulimuombea mu misa ya kwanza, na Mama alimuwashia mushumaa. Sisi huku tuko, Mungu anasaidia. Mvua inanyesha kila siku kisha saa nane, matope inafika ku kifundo ya muguu. Maharagi ya Victoire muke wangu ilianza kutoa maua. Mama iko muzima, mukono tu njo inamuuma wakati ya baridi.

Barua hii inakuja na Bilali, ule transporteur wa Beni mwenye anapitaka mupaka ya Kasindi kila juma. Umupatie hata chai, ni mutu muzuri. Niliandika ku karatasi juu ku téléphone wewe hautaki kusikia mutu. Unatuma vocal moja, sauti yako tu, ya dakika sita, kisha unazima. Karatasi utaisoma mpaka mwisho, hata ukikasirika.

Bon. Tuingie mu maneno yenyewe.

Ulisema mu vocal yako kama wewe njo mukubwa wa nyumba tangu Tata baba yetu alikufa, na kama mukubwa ulikata shauri: moto ya Tata, ile pikipiki Yamaha ya zamani mapadri balimuachia wakati alikuwa catéchiste kule Luofu, iuzishwe. Kuko mutu wako atakuja kuichukua mwezi wa kumi na mbili. Na miye, juu goti yangu ya kuume haikunjami tena tangu camion ya mizigo ilinifinya pale Maboya, niikale chini ya parasol kando ya barabara, niuzishe unités za kupigia téléphone. Kisha ukamalizia, nakumbuka neno kwa neno: « Kilema hapandaki moto. »

Yaya, ile neno iliniuma kupita camion. Camion haikunijua. Wewe tulilala kitanda moja mpaka ulioa.

Donc nakujibu waziwazi: sitaiuzisha, na ku parasol sitaikala. Nilifanya taximan wa moto miaka kumi na moja, Butembo-Beni, Beni-Butembo. Nilibeba bagonjwa, nilibeba baharusi, nilibeba mbuzi, hata sanduku ya maiti ya mutoto moja, na sikuangusha mutu. Mikono yangu iko mizima, macho iko mizima, akili iko pale Tata aliiachaka. Goti moja tu njo ilikataa kazi, na wewe unataka kuzika mutu mwote juu ya goti moja? Aka! Hapana.

Hebu nikueleze shida ilikuwa wapi, juu wewe ulisikia tu kwa kinywa ya batu. Moto ya kawaida, kiti yake iko juu, na pa kuweka miguu iko chini ya kiti. Lazima ukunje magoti yote mbili. Miye kupanda sikuweza. Hata balipokuwa bananiinua kama mufuko ya mihogo, ile muguu ilibaki imenyooka pembeni, inagonga batu na mbuzi. Nililia, sifichi. Victoire alinikuta nyuma ya nyumba, akaniangalia, akarudi mu jikoni.

Ni Précieux njo alinifungua macho. Unamujua, ule soudeur, muunga vyuma wa garage ya jirani, mwenye kucheka ovyo. Siku moja alinionyesha mu téléphone yake picha za moto za Amerika. Banaziita chopa. Ndefu, chini sana, guidon ya kushikia iko juu, nyuma haina hata ressort moja ya kupunguza mashimo. Akaniambia: « Lusenge, angalia huyu mutu. Miguu yake imenyooka mbele sawa ya kwako, na hakuna mwenye anamuita kilema. » Nilinyang'anya téléphone mu mukono yake. Ile picha niliiangalia mpaka batterie ilikwisha.

Kesho yake tulitoa moto ya Tata mu store.

Siku tulikata châssis, Mama alisikia disqueuse ya kukata chuma inalia, akatoka mbio. Alisimama ku mulango na kitenge yake, akasema tu: « Munakata Tata yenu. » Akaingia ndani. Tangu hapo akawa anapita mulango ya nyuma kusudi asipite mbele ya garage, hata wakati ya matope. Chakula alikuwa ananipatia, salamu alikuwa anajibu, lakini neno ya moto hapana. Ile njo ilikuwa uchungu yangu kubwa, Yaya, si vocal yako. Wewe uko mbali, unaweza kukasirika na kulala vizuri. Miye nilikuwa namuona kila asubuhi anazunguka nyumba mu matope juu yangu.

Mais sikuacha. Tulitoa ressort zote mbili za nyuma, tukaunga tuyau nzito za chuma zenye zilitoka ku remorque ya camion moja iliyokufa. Kazi ilifuata courant ya umeme: ikikuja tunasouder, ikienda tunaikala tunapiga masolo, maongezi tu. Mafundi ya kweli tulijiona. Tukarefusha fourche ya mbele, yenye kushika gurudumu, urefu ya mukono moja, hivi hivi, kwa macho, juu ku picha ilikuwa ndefu na ilikuwa inapendeza.

Sasa usikie aibu yangu, na ucheke, nakuruhusu mara moja tu. Siku ya Mungu ya kwanza niliishusha ku mutelemuko. Guidon ilianza kutetemeka, gurudumu ya mbele ikataka kwenda kwake, miye kwangu. Nilijikuta mu mufereji mbele ya batu ya misa ya pili, na nguo nyeupe. Mama moja wa mboga akapiga kelele: « Muangalie! Chukudu ya mafuta! » Yoo! Ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, tu ya kwangu inakunywa mafuta! Kanisa yote ilicheka. Tangu siku ile, nikipita sokoni na fimbo yangu, ni chukudu ya mafuta huku, chukudu ya mafuta kule. Najua njo ile ilifika mpaka Kampala masikioni mwako.

Lakini nilipokuwa nafua matope mu suruali, nikajiuliza: kwani chukudu ina nini? Ni mbao tu. Haina ressort. Guidon yake iko juu. Inashuka milima yetu na mifuko ya viazi, na haitetemeki. Batu balitaka kunitukana, kumbe bananionyesha njia.

Nikaenda kwa Éliakim, fundi wa chukudu. Ni mutu wa matusi, unajiandaa kabla ya kumusalimia. Alizunguka moto yetu, akaipiga fourche teke. « Nani alipima hii? Pombe? » Précieux akaangalia chini. Éliakim hatumiaki mètre. Alinisimamisha wima, akaniambia nifunge macho na ninyooshe mikono kama mutu anashika guidon. Pale mikono iliangukia, hapo akatia alama na kaa la moto ku ukuta. Kisha akachonga kipande ya muti ya kalitusi, imeinama kidogo, akasema fourche iiname sawa na ile, isipite hata kidole. Tulikuwa tumekosea pembe, Yaya, si urefu. Ku chukudu mutoto yeyote wa Lubero anaijua ile pembe, na sisi ba-mécanicien tulienda kuitafuta Amerika.

Nikamuuliza: « Na mugongo? Bila ressort mutu atafika Beni? » Akajibu: « Ressort ni mugongo yako. Ukichoka, shuka. »

Leo moto imekwisha, na ni nzuri, nakuambia bila haya. Kiti imeshuka sawa ya kiti ya jikoni. Napitisha muguu yangu mugumu polepole juu ya kiti, peke yangu, bila mutu kunishika. Frein, breki ya muguu, tuliipeleka mbele, na muguu inaikala imenyooka juu ya chuma kama iliumbwa kwa ile kazi. Ku réservoir ya mafuta nilimuomba mutu wa peinture aandike kwa rangi ya manjano, herufi kubwa: CHUKUDU YA MAFUTA. Sasa benye kucheka bacheke kwa kusoma.

Na hapana sema ni ya kupiga picha tu. Siku ya ine niliipeleka Beni. Uliniambiaga sitafika hata Maboya. Nilifika Maboya. Nilisimama pale pale camion ilinifinya, nikazima moteur, nikasema Salamu Maria moja, nikawasha tena. Mashimo ya ile barabara niliihesabu na meno. Ku barrière soda moja wa jeshi, na bunduki yake, alinisimamisha, akauliza mu Lingala: « Vieux, oyo nini? » Nikamuambia ni moto ya Tata. Aliangalia ma-documents, akaangalia muguu yangu, akaita benzake. Nilifikiri ni matatizo. Kumbe balitaka photo.

Bénie dada yetu alitoka mu nyumba yake kule Beni, Bungulu, na unga ya bugali mu mikono, akanipaka yote ku shati. Alilia, kisha akanitukana juu sikumuambia nakuja. Nililala kwake, nikarudi siku ya tano na bidon ya mawese nimeifunga nyuma ya kiti. Mugongo iliniuma siku mbili, sitakudanganya. Lakini ni maumivu ya mutu mwenye alitoka kazini. Nilikuwa nimesahau vile inakuwaka.

Sasa fungua masikio, Yaya, hapa njo nilikuwa nataka kufika.

Nilipoingia mu parcelle, Mama alikuwa anachagua maharagi mbele ya nyumba. Nilingojea asimame aende nyuma. Hakwenda. Aliweka sahani chini, akapangusa mikono, akakuja. Alishika réservoir, akaipapasa mahali Tata alikuwa anaweka sacoche ya vitabu. Akazunguka moto mara moja, akazunguka mara ya pili, anaangalia kila soudure kama mutu wa douane ku mupaka. Victoire alisimama ku mulango, mukono ku kinywa.

Unajua vile Mama aliikala nyuma ya Tata miaka makumi mbili na tatu, upande moja, kila Siku ya Mungu, kutoka chapelle moja mpaka ingine. Miye sikufikiria ile. Nilitengeneza kiti moja tu, ya kwangu, juu sikuwaza kama kuko mutu atataka kupanda na miye.

Akasimama mbele yangu, akauliza: « Na miye nitaikala wapi? »

Yaya! Nililia kama mutoto, na yeye akanipiga kofi ndogo ku kichwa, akarudi ku maharagi yake.

Kwa hiyo ule mutu wako umuambie asipoteze safari. Kesho asubuhi Précieux anakata tena, Mama ameshapimwa, na alikataa coussin ya bluu ya kuikalia.

Umusalimie Jemima sana, na batoto moja moja kwa majina yabo. Victoire anakusalimia, anasema upunguze hasira, damu itapanda. Bénie wa Bungulu anakusalimia. Précieux pia, hata kama ulimuita muharibifu. Mama anakuombea kila jioni, na hajakuita jina mubaya hata mara moja. Miye nilikuita mengi, unisamehe.

Mungu Nyamuhanga akulinde mu kazi yako, akurudishe huku kwetu muzima mwezi wa kumi na mbili. Ukifika Butembo, tafuta taxi ku parking. Kwa moto ya Tata nafasi imejaa: moja ni ya kwangu, moja ni ya Mama.

Ni miye mudogo wako, mwenye anakupenda sana na mwenye hatakutii,

Lusenge