Ufunguo wa Majina ya Kaka Zangu

Liège, Ubelgiji

Mama yangu mupenzi,

Kwanza, magoti yako yanaendelea aje? Na baba, bado anakataa kwenda hospitali? Mie niko muzima, ni baridi tu inanitesa; navaa soksi juu ya soksi. Fufu ninaipata, lakini majani yao ya sombe, Mama, heri ninyamaze.

Uliniuliza kwa simu kazi yangu ya labo ni gani hasa. Ni hii: ADN, ile inafanya mutoto afanane na baba yake, imeandikwa kwa herufi ine tu. Profesa wetu anachukua habari za siri, sawa na za wagonjwa, anazichanganya kwa ufunguo, yaani maneno ya siri, anazigeuza kuwa herufi hizo, kisha mashine inatengeneza ADN ya kweli, tone moja mu kachupa. Asiye na ufunguo anasoma fujo tupu. Mara ya kwanza kuona, nilijiambia: Mungu aliandika hivi tangu zamani, siye ndiyo tunajifunza sasa!

Kila mwanafunzi alipaswa kutengeneza kufuli yake, wenzake wajaribu kuifungua. Ikifunguka, unatoka mu labo na bursi ya masomo inaisha. Nilichagua ufunguo ambao siwezi kusahau: majina ya kaka zangu, Paluku, Kambale, Kakule. Nilijiona mujanja kweli. Wazungu walihangaika mpaka wakachoka.

Lakini kuko Kahindo, mwenzangu wa Butembo. Alikuwa ananisikia nikiongea na Kakule kwa simu, na kwetu Wanande majina yanafuata mupango wa kuzaliwa, kila mutu anajua Kakule ni jina la kijana wa ine. Akakisia ufunguo wangu ni kaka zangu, akapanga majina ya vijana kwa mufuatano, wa kwanza mpaka wa ine. Ikagoma. Akaanza kuondoa moja moja. Alipoondoa la tatu, ikafunguka. Nilidhani atajivuna. Alikuja kuketi karibu yangu, akauliza polepole, kwa Kinande chetu: “Masika, Kasereka wenu alienda wapi?”

Mama, nililia mbele ya watu. Tangu homa imuchukue kule Mambasa alikofuata mbao, hakuna mutu kwetu anatamka jina lake. Nikamueleza Kahindo yote, hata vile alikuwa anaiga mahubiri ya pasta mpaka weye mwenyewe unacheka.

Kwa profesa niliingia nikijua narudi kwetu Bunia. Alisikiliza, akasema kufuli yangu ni nzuri sana. Ufunguo ndio mubaya, juu kabila zima linao. Nibaki, na ufunguo mupya uchaguliwe na mashine. Yule muzee namuheshimu kupita kiasi.

Kisha akaniuliza ni neno gani la kwanza liandikwe mu ADN. Nilisema: Kasereka. Likikaa mahali pakavu, litasomeka hata siye wote tukiisha kuondoka.

Nisalimie baba, kaka Paluku na muke wake, shangazi anayeuza maharagi Nyakasanza, na jirani yetu wa Bigo anayekuchotea maji.

Na Mama, mutu akikuuliza Mungu alikupa vijana wangapi, usiseme tena watatu. Sema wane.

Binti yako anayekupenda,
Masika