Baba na Neno Lisiloisha

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo huko? Goti lako limepata nafuu? Sisi tu wazima, isipokuwa kwa jambo moja, nalo linamhusu Baba.

Kaka yako bado yumo kwenye kamusi yake. Unaijua kazi yake: kila maana na kadi yake, kila kadi na kibanio chake kwenye kamba iliyokatiza sebule. Wageni hupita wameinama. Sasa kamba nzima ni neno moja la Kiingereza, set. Kuweka, jua kutua, gundi kuganda, kutega saa, seti ya vikombe. Anasema ni maneno mawili yaliyokutana njiani: moja la Waingereza wa kale, la kuketisha, jingine la Kilatini lililopitia Kifaransa, la kundi la wafuasi. Mama anasema neno hilo ni mke mwenzake.

Baba alipozidi kuumwa kichwa tulimpeleka hospitali. Daktari alimwonyesha kalamu, aitaje. Baba akauliza, "Kwa lugha gani?" Tukacheka. Akaonyeshwa kijiko. Akasema, "Hicho cha kukorogea." Tukacheka tena, tukidhani anatania. Kumbe neno lilikuwa limemtoka. Nilipouona uso wake, niliacha kucheka.

Wamekuta uvimbe kwenye ubongo, karibu kabisa na sehemu ya kusemea. Usipotolewa utamuua, ukitolewa, huenda akaamka hana maneno. Amekubali, atapasuliwa Alhamisi. Naogopa, Shangazi. Naogopa hata kumuuliza kama anataka chai au maji, asije akakosa la kunijibu.

Yeye hofu yake haisemi. Jana aliniomba nimbanie kadi zilizobaki, akanong'ona kwamba hazitaisha. Sijawahi kumsikia akilikubalia neno limshinde.

Kwa simu ningelia tu, ndiyo maana barua hii naituma kwa dereva wa basi la kesho alfajiri. Nisalimie mzee wako na binamu zangu, hasa Msumbufu. Mama anakusalimu, ingawa hajui ninachokuandikia. Mungu akufikishe salama.

Basi hilohilo likigeuza, panda. Leo asubuhi Baba ametutaja sote bila shida, ila jina lako amelitafuta sana kabla ya kulipata. Njoo aliseme ukiwa mbele yake.

Wako akupendaye,
Kitindamimba wa kaka yako