Zamu Aliyonishikia Anselmi

Kariakoo, Dar es Salaam

Dada yangu Veronika,

Shikamoo. Natumaini kifua cha mama kimepata nafuu. Mimi mwili ni mzima. Kaa chini kwanza, na usiisome barua hii kwa sauti mbele za watu.

Anselmi, jirani yetu wa huko nyumbani niliyepanga naye chumba hapa, amefariki.

Uliwahi kuniuliza makaa ya mawe yanatoaje umeme. Kila asubuhi lori lilikuwa likituchukua mtaani hadi kwenye mtambo, mbali huko mashambani. Tulikuwa tukitupa makaa kwa beleshi ndani ya tanuru. Moto unachemsha maji, mvuke unapita kwenye mabomba na kuzungusha mashine, na mashine ndiyo inayotoa umeme. Mvuke ule ukiwa mkali sana hauonekani, dada. Ukivuja, unausikia tu ukipiga mluzi.

Bomba la upande wangu lilipiga mluzi juma zima. Mimi na Anselmi tulimwambia msimamizi. Akasema mtambo hauzimwi kwa ajili ya mluzi. Alhamisi niliamka na homa. Anselmi alikuwa na mapumziko siku hiyo, lakini akanirudisha kitandani, akaenda kunishikia zamu. Kabla ya adhuhuri bomba likapasuka.

Aliishi siku mbili hospitalini. Hakunilaumu. Aliomba maji, akauliza kama homa yangu imeshuka. Tumemzika huku huku.

Jumatatu msimamizi aliniita nitie sahihi karatasi inayosema Anselmi alichezea koki kwa uzembe.

"Tia sahihi, uendelee na kazi," akasema.

"Siwezi," nikamjibu. "Tulikuja wawili kukuambia bomba linavuja. Mmoja bado yu hai."

Nikafukuzwa papo hapo. Sasa nabeba magunia ya mchele kwenye duka la Mhindi mmoja, mtaa wa Mchafukoge.

Dada, nenda na shangazi kwa Matilda, mkewe, kabla hajasikia kwa watu wengine. Mwambie mumewe hakufa kwa uzembe. Na usimfiche kwamba zamu ile ilikuwa yangu. Akinichukia, mwacheni.

Nisalimie baba mdogo, shemeji, na bibi mzaa mama. Mama akiuliza nitarudi lini, mwambie njia ya kwetu inapita mlangoni kwa Matilda, na miguu yangu bado haijaweza.

Ni mimi mdogo wako,
Gaspari