Kukagua Gari la Marehemu Ngowa

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Kingi, mwanawe marehemu Ngowa kwa mke wa kwanza, alinijia jioni. Wamekubaliana: nyumba ya Mji wa Kale iwe ya watoto wa mke wa kwanza, na gari liwe fungu la mjane, Bi. Kanze. Gari la mbio la Kiingereza, viti viwili, la 1966. Ngowa mwenyewe aliwaambia kabla hajafa kwamba thamani yake ni sawa na ya nyumba. Pande zote zimenichagua mimi nilipime thamani, kwa kuwa nilifundisha umekanika miaka mingi pale shuleni Buxton. Mirathi inagawanywa Jumamosi. Nimekubali, tena kwa furaha.

Jumanne, 7 Oktoba
Rangi ya kijani inang'aa hata nikaziona ndevu zangu. Lakini rangi haisemi kitu. Nikafunga sumaku kwa kitambaa, isikwaruze, nikaipitisha ubavuni. Palipo na bati hunasa. Palipozibwa kwa puti huteleza. Juu ya mlango ilinasa. Kwenda chini — ikateleza, ikateleza, ikaanguka.
Injini haina kosa. Inawaka mara moja. Hilo ndilo linaloniumiza.

Jumatano, 8 Oktoba
Asubuhi nzima chini ya gari, mzee kama mimi! Chasisi, yaani mifupa inayobeba kila kitu, niliichokoa kwa bisibisi. Ikaingia mpaka mpini. Nikajaribu pengine. Ikaingia. Kutu ikanimwagikia usoni kama ugoro.
Sielewi. Gari hili halijawahi kulala nje. Ngowa alikuwa akilifunika shuka. Safari yake ilikuwa Ijumaa jioni, yeye na mkewe, mpaka ufukweni Mama Ngina wakale mihogo, basi.
Hakuna fundi wa kuliponya. Injini, usukani, taa vitauzika kimoja kimoja. Vyote pamoja havifikii hata bei ya choo cha nyumba ile.

Alhamisi, 9 Oktoba
Bi. Kanze bado yumo edani, kwa hiyo tuliongea yeye nyuma ya pazia, mimi sebuleni. Nikamuuliza gari lilitunzwaje. Akanisimulia kwa fahari. Kila wakirudi Mama Ngina, Ngowa alijilaza chini akaliosha tumbo, ndoo kwa ndoo, ili upepo wa bahari usiliachie chumvi. Maji yapi? Ya kisima cha uani. Ya mfereji yalikuwa ya kunywa.
Kisima hicho nakijua. Maji yake yana munyu, sabuni haitoi povu. Miaka yote hiyo akiosha chumvi kwa chumvi!
Nikamweleza polepole, kama darasani: chuma, hewa, maji ya chumvi. Nilipofika katikati nilitamani kunyamaza, ila nilishaanza. Nikamaliza. Kisha:
"Ndoo nilikuwa nikimtekea mimi, mwalimu."

Ijumaa, 10 Oktoba
Kingi tena. Ati nitaje bei nzuri tu kesho, mama mdogo apate heshima yake. Nikamwambia mama mdogo hawezi kulala ndani ya heshima. Akacheka, akasema walimu hatustaafu. Hakuniuliza gari likoje. Nadhani anajua.

Jumamosi, 11 Oktoba
Naandika sebuleni kwao. Kabla sijaulizwa neno, Alasiri imeadhiniwa, wanaume wote wameenda msikitini. Mimi Mkristo nimebaki na pazia.
Bi. Kanze ameniomba niseme gari ni zima. Nimemwambia wazi: nikisema hivyo, eda ikiisha huna pa kukaa. Anajua. Lakini watoto wakisikia habari ya kisima, asema, watamfanya baba yao kichekesho cha mtaa mzima wa Bondeni. Walimcheka akiwa hai, inatosha.
Nikamwambia naweza kusema limeoza bila kutaja sababu.
"Watakuuliza kwa nini. Na wewe ukiulizwa kwa nini, mwalimu, huwezi kunyamaza."
Ni kweli.
Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniarifu chai iko tayari:
"Nguo zangu nimeshazifunga."
Wanavua viatu mlangoni. Kingi ameingia wa kwanza, anasogeza kiti chake karibu na changu —