Ngoma Yako Asubuhi ya Pasaka

Mama,

Nafula amelala, ndiyo nimepata mkono wa kukuandikia. Huyu Nafula hukumwona. Ulipoenda alikuwa bado tumboni, ananipiga teke kila nikilia. Tulimpa jina lako. Ana masikio yako, na akikasirika anakunja uso vile ulikuwa ukikunja ukipewa chai nyepesi. Kanisani kila anayembeba anasema, "Mama Nekesa amerudi!" yaani wewe, mama yangu. Wanasema kwa upendo, najua. Mimi nilikuwa nacheka nao, halafu nikifika nyumbani namwangalia, namwangalia. Nilikuwa nakutafuta ndani yake, Mama. Yeye anatafuta titi tu.

Hiyo ndiyo ilinifunga mdomo. Tangu tukupeleke Bungoma tukakulaza kando ya Baba, sikuimba tena. Jumapili nilikuwa naenda, nakaa karibu na mlango, watu wakiimba mimi nabembeleza mtoto. Nilikuwa najiuliza, kama kufufuka ni hivi, ati mtu anarudi kidogo kidogo kwa masikio ya mtoto, basi wewe mwenyewe uko wapi? Yule aliyekuwa akinisugua mgongo nikiwa na homa, yeye anarudi lini?

Ngoma yako niliifunika na gunia nyuma ya mlango. Nikawaambia akina mama wa kanisa waje waichukue. Mama Agneta, na ile sauti yake nzito, akanikatalia mbele ya watu wote: "Sisi hatuchukui ngoma ya Nafula. Pasaka utatoka nayo wewe. Ukishindwa kupiga, ibebe tu."

Nikatoka nayo, Mama. Mtoto mgongoni, ngoma kifuani, kanzu yangu nyeupe imebana kwa sababu ya kunyonyesha. Unajua tunavyotoka kabla ya jua, tunazunguka mtaa wetu wa Majengo tukitangaza kwamba Bwana amefufuka, halafu tunashika njia ya kwenda mtaa wa Skuta, na ngoma ndiyo inatangulia. Ukungu ulikuwa mzito, mlima hauonekani kabisa, na ile baridi yetu ya kugonganisha meno. Mama Agneta akaanzisha wimbo. Nikapiga. Jameni! Sauti ikatoka kama mtu anapiga godoro lililonyeshewa. Nikapiga tena. Bup. Wimbo ukakatika, watu wakaangalia chini. Nikasema moyoni, ndiyo hivyo, hata ngoma imekufa na mwenyewe.

Kumbe jirani yako Zuhura alikuwa ametoka kuswali, amewasha jiko la mahamri pale mlangoni pake. Akapaza sauti, "Wewe Mama Nafula! Hiyo ni ngoma ama gunia la viazi? Miaka yote mama yako anatuamsha vizuri, leo mnatuamsha na aibu? Ilete hapa!" Akaondoa karai la mafuta kwenye makaa. "Kwani ulidhani kila Pasaka alikuwa anakuja kwangu kufuata mahamri?"

Sikujua, Mama. Ulikuwa unatangulia kutoka nyumbani, nikadhani unaenda kuomba. Sikujua ngozi ya ngoma ikishikwa na baridi inalegea, lazima ipashwe moto ndiyo ikaze. Tukaishika juu ya makaa mimi na Zuhura, tunaizungusha polepole isiungue. Watu wa kanisa wote na kanzu zao nyeupe wakazunguka lile jiko, wanaota moto, na Zuhura anawagombeza wasimwage mafuta yake.

Hapo ndipo niliwakumbuka wale wanawake walioenda kaburini alfajiri. Hawakuenda wakiwa na furaha. Walibeba manukato ya kupaka maiti, na njiani wanaulizana nani atawasogezea jiwe. Lakini walienda. Mimi nilidhani lazima moyo upate moto kwanza, ndiyo mtu amwabudu Mungu. Wao walienda na moyo wa baridi na mikono yenye kazi, na wao ndio walisikia habari kabla ya wengine.

Na Bwana hakurudi kwa sura ya mtu mwingine, Mama. Alikuwa yeye mwenyewe, na alama za misumari mikononi. Maria alimjua alipomwita kwa jina lake. Basi na wewe utaitwa hivyo. Wewe mwenyewe, na vidole vyako vigumu vya kupiga ngoma. Huyu mdogo hanirudishii wewe, na si kazi yake. Nimemwacha awe Nafula wake mwenyewe.

Nikaigonga ngozi na kidole. Ikaitika! Zuhura akasema, "Haya sasa, nendeni, mnanizibia wateja."

Nikapiga, Mama. Nikaimba pia. Kwa ubeti wa pili sauti ilikatika, machozi yakanijaa, Mama Agneta akanipokea wimbo mpaka sauti yangu ikarudi. Tulipofika Skuta watu walikuwa wanafungua madirisha, na mtoto amelala mgongoni kama hakuna kelele.

Sasa anaanza kujigeuza, wacha nimalize. Pumzika, Mama wangu. Nakuahidi ngoma haitafunikwa na gunia tena. Kila Pasaka nitaipeleka kwa Zuhura ipate moto, hata ule mwaka nitakaoamka nikiwa na huzuni. Na siku utakayoitwa kwa jina lako, kutakuwa na Nafula wawili. Nitamshika mkono huyu mdogo, nitakuletea umwone.

Mwanao,
Nekesa